Kumbukumbu ya Picha na Kasi ya Michezo ya Kompyuta

Katika kompyuta nyingi za miaka ya 1990, mtu aliyefungua ukurasa wa marekebisho mashine ilipokuwa ikiwaka alikuta mpangilio mmoja ulioruhusu kumbukumbu ya picha itumie akiba ya prosesa. Vijana wapenda michezo waliuwasha bila kusita, kwani ni nani asiyetaka akiba? Hata leo wanafunzi wangu wanapofufua mashine kuukuu hufanya vivyo hivyo, kisha hunijia wakilalamika kwamba mchezo haukuongeza kasi, au kwamba picha imeingia mabaka.

Kosa lao linaeleweka. Prosesa hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko kumbukumbu kuu, na kila inapongojea hupoteza wakati. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza jinsi kumbukumbu ndogo yenye kasi iwezavyo kuwekwa katikati, ihifadhi yale yanayotumika mara kwa mara. Ni sawa na mwalimu anayeacha mezani vitabu vichache anavyovirejea kutwa, badala ya kwenda maktaba kila mara. Tuzingatie neno hilo: anavyovirejea. Pasipo kurejea, akiba haina faida.

Kumbukumbu ya picha ina tabia nyingine kabisa. Prosesa huiandika, lakini aghalabu haiisomi. Anayeisoma ni sakiti ya kuonyesha, nayo husoma moja kwa moja, bila kupitia katika akiba ya prosesa. Basi kumbukumbu hiyo si kitabu, bali ni ubao wa matangazo. Mwalimu akiandika tangazo na kulibakiza katika mtoto wa meza, wanafunzi wataendelea kusoma tangazo la jana. Hayo ndiyo mabaka: nukta mpya zimesalia katika akiba, na za zamani zingali kwenye kioo. Na akiba ikipangwa ipeleke kila andiko papo hapo, mabaka hutoweka, lakini safari za kuandika hubaki zile zile.

Dawa ilikuwa kupunguza safari. Pentium Pro, iliyotoka mwaka 1995, iliweza kuambiwa kwamba eneo fulani la kumbukumbu lisiwekwe katika akiba, ila maandishi yake yakusanywe kwanza hadi baiti 32, ndipo yasafirishwe kwa pamoja. Hebu tupige hesabu. Picha ya nukta 320 kwa 200, kila nukta baiti moja, ni baiti 64,000. Zikipelekwa moja moja ni safari 64,000. Zikipelekwa nne nne, 16,000. Zikikusanywa 32, ni safari 2,000 tu. Tatizo ni kwamba katika mashine nyingi mpango huo haukuwa umewashwa kwa eneo la picha, na wachezaji wa michezo ya DOS, kama Quake ya mwaka 1996, walilazimika kutumia programu ndogo ya kuuwasha.

Lakini asidhani mtu kwamba kasi ya mchezo huongezeka kwa uwiano huo. Tuseme picha moja huchukua milisekunde 40 kukokotolewa na 10 kupelekwa: jumla 50, yaani picha 20 kwa sekunde. Upelekaji ukishuka hadi milisekunde 2, jumla ni 42, na tunapata picha 24 hivi. Ni nyongeza nzuri, ila haikaribii mara thelathini na mbili! Wala kusoma hakukunufaika. Eneo la namna hii likisomwa na prosesa huwa zito mno. Ndiyo maana watungaji hodari walichora picha nzima katika kumbukumbu ya kawaida, wakaihamisha ilipokamilika.

Siku hizi programu inayoendesha kadi ya picha huamua mambo haya yenyewe. Mwenye mashine ya zamani na apime: acheze sehemu ile ile mara mbili, mpangilio ukiwa umewashwa, kisha umezimwa, akihesabu picha kwa sekunde.