Kabati la karakana si kabati la nguo

Mji wa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, unaishi kwa dhahabu, na dhahabu haichimbwi bila chuma: karasha, pampu, jenereta, pikipiki. Penye mashine pana fundi, na penye fundi panatakiwa kabati la spana, bolti na beringi. Kazi hiyo humwangukia seremala, na mara nyingi huifanya kama anavyotengeneza kabati la nguo: mteja anauliza bei ya bodi, seremala anataja MDF kwa kuwa ni laini, imenyooka na haihitaji randa, wanapatana. Bei hiyo ni kipimo kibaya. Kabati la karakana halifi katikati ya ubao, hufa kwenye maungio, na MDF ni dhaifu hapo hapo. Ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Skrubu ikiingia ubavuni huipasua, bawaba ikilegea tundu halishiki tena, na maji ya masika yakipita sakafuni kitako huvimba moja kwa moja. Tena ni nzito: bodi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 18 hukaribia kilo 40, kabla hujaweka hata spana moja.

Plaiwudi ya msonobari ni nyepesi zaidi, na matabaka yake yaliyopishanishwa nyuzi huishika skrubu vizuri. Chimbuko lake si mbali: misonobari ya Sao Hill huko Mufindi, viwanda vya Mafinga, kisha lori kwa barabara kuu ya TANZAM hadi Mbalizi na kukata kwenda Mkwajuni. Wapo watakaosema plaiwudi hiyo hupinda na ina mapengo ndani. Ni kweli, ndiyo maana ikaguliwe ubavuni kabla ya kulipiwa. Lakini dawa kubwa iko kwenye uungaji. Rafu isining'inizwe kwa skrubu tupu. Ubao wa pembeni uchimbwe mfereji wa kina cha milimita 6, rafu iingie humo na gundi, skrubu ibaki kubana tu. Mzigo sasa unakalia mbao. Na ukisimamisha nguzo katikati ya rafu ndefu, kila nusu ikibeba nusu ya mzigo hubonyea sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa ikibonyea nzima. Mchwa je? Hao hawana mchezo na msonobari, basi kitako kiwe cha mninga, ambao moyo wake huwashinda. Kabati zima la mninga ni fahari ya sebuleni. Vitu vizito kama injini na gia ndivyo viwekewe rafu ya chuma.

Kinachobaki ni kupanga mkato, na hapo ndipo faida ya seremala inapopotea kimyakimya. Bodi ya upana wa milimita 1220 hutoa vipande vinne vya milimita 300, hata ukihesabu unga wa msumeno. Mteja akitaka 310, vinatoka vitatu na ukanda usiofaa kwa ubavu wa kabati: karibu robo ya bodi imekwenda, iwe ya MDF au ya plaiwudi.