Jina la Mama Katika Mabano

Katika rasimu ya tasnifu niliyoikuta juu ya meza ya mkutubi mmoja wa chuo, orodha ya rejea ilimtaja A. H. Pike, aliyeandika juu ya Wamatengo na uhifadhi wa udongo katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, na Juichi Itani, aliyekieleza kilimo chao mwaka 1998. Lakini mkulima wa Litembo, katika nchi hiyo ya Wamatengo, mama mzazi wa binti anayeiandika tasnifu, ambaye sura nzima imesimama juu ya maelezo yake, hakuwamo. Alitajwa ndani ya matini tu, katika mabano: jina, mawasiliano binafsi, tarehe.

Na maelezo yake yana uzito. Masika yaelekeapo ukingoni, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukawa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafukia majani hayo, likabaki shimo, ndiyo ngoro, lililozungukwa na matuta ya kupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi. Mvua ikishuka, maji hutuama shimoni badala ya kuuburura udongo bondeni.

Mkutubi, mzaliwa wa pwani, aliitetea kanuni ya APA, mtindo wa kuandika rejea, kwamba mazungumzo binafsi hutajwa ndani ya matini tu, si katika orodha: rejea ni amana, na msomaji lazima aweze kuifuata hadi asili yake, kitabu hungoja rafuni, mazungumzo hayangoji. Kinachomuudhi zaidi ni wanafunzi wanaolinakili jina la Pike kutoka tasnifu za wenzao pasipo kuliomba toleo lenyewe, ilhali adabu ya ilimu yataka waseme wazi kwamba wamemsoma kupitia kwa mwingine. Hata hivyo alikiri kwamba maulamaa wa hadithi za Mtume waliziorodhesha isnadi zao kwa majina ya watu, fulani kutoka kwa fulani, wakauchunguza uaminifu wa kila mmoja, wala hawakumdharau mtu kwa kuwa alisimulia kwa kinywa.

Akamshauri binti huyo aende likizo Litembo, amhoji mama kwa ridhaa yake, aandike neno kwa neno, kisha aiombe maktaba iyahifadhi mahojiano hayo kwa namba, yapate kuingia katika orodha. Ni shauri jema. Lakini jina la mtunzi litakuwa la nani, la binti aliyeandika au la mama aliyesema? Na huyo Pike, mwaka 1938, alielezwa na nani?