Kunakili Diski Ambayo Haipo

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta ya Linux yenye QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta halisi, kisha andika `qemu-img create -f qcow2 diski.qcow2 40G`. Kabla hujanyanyua kidole kwenye kibodi umeshapata diski ya gigabaiti 40. Mashine pepe utakayoipachikia diski hiyo itaiona nzima, itaigawa, itaipangia mafaili, wala haitashuku chochote. Lakini ukiuliza faili hilo limekula nafasi kiasi gani kwenye diski halisi, utaambiwa takriban kilobaiti 200. Picha moja ya simu huwa kubwa kuliko hapo.

Haya, sasa mtu akuombe nakala ya diski hiyo. Utampa gigabaiti 40 au kilobaiti 200?

Majibu yote mawili ni sahihi, na ndiyo maana amri ya kunakili diski katika QEMU, `qemu-img convert`, imejaa machaguo: -S, -C, -c, -n, -m, -W, -t na mengine, yaliyoongezwa moja baada ya jingine kwa miaka. Mgeni akiyaona hudhani waandishi wa programu wanapenda tu kurundika herufi. Mimi nayaona tofauti. Karibu kila herufi pale ni swali ambalo kompyuta haiwezi kujijibia: nakala unayoitaka ifanane na asili kwa kitu gani?

Wazo la diski ya kubuni lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mfumo wa CP-67 wa IBM uliwapa watumiaji wengi wa kompyuta moja kubwa kila mmoja kompyuta yake ya bandia, pamoja na kipande cha diski kilichojifanya diski kamili. Mfaransa Fabrice Bellard aliitoa QEMU mwaka 2003 kama programu huria. Mwaka 2007 KVM, sehemu ya kuendeshea mashine pepe, ikaingizwa kwenye kiini cha Linux, toleo la 2.6.20, na kuanzia hapo mashine pepe zikaanza kukimbia kwa kasi inayokaribia ya mashine halisi. Leo sehemu kubwa ya kile kinachouzwa kwa jina la wingu ni mashine za aina hii, na kila moja ina diski ambayo, ukiichungulia upande wa pili, ni faili tu.

Faili la qcow2 limegawanywa katika vipande vya kilobaiti 64. Diski ya gigabaiti 40 ina nafasi 655,360 za vipande hivyo, na mwanzoni zote ni tupu. Kinachokuwepo ni orodha. Mashine pepe ikiandika kitu mahali fulani, QEMU inakata kipande kipya mwishoni mwa faili na kuandika kwenye orodha kwamba sehemu fulani ya diski ipo pale. Ikisoma mahali ambapo hapajawahi kuandikwa, inarudishiwa sifuri tupu. Diski za aina ghafi, ambazo hazina orodha yoyote ndani, hufanya ujanja uleule kwa msaada wa mfumo wa mafaili: faili linarekodiwa kuwa na urefu wa gigabaiti 40, lakini sehemu zisizoandikwa hazipewi nafasi yoyote. Hubaki matundu. Amri ya `ls -l` itakuambia 40, amri ya `du` itakuambia karibu sifuri, na hakuna iliyodanganya.

Mnakili asiyejua haya huanza baiti ya kwanza na kumaliza baiti ya mwisho. Akikuta tundu, anasoma sifuri na kuandika sifuri. Mwisho wa safari ana gigabaiti 40 za sifuri halisi, zilizokaa kwenye diski halisi, zilizonunuliwa kwa pesa halisi.

Kuna njia mbili za kulikwepa hilo. Ya kwanza ni kuuliza mfumo wa mafaili matundu yako wapi. Wahandisi wa Solaris walibuni swali hilo katikati ya miaka ya 2000 na Linux ikalipokea mwaka 2011 kwenye toleo la 3.1. Njia ya pili ni kusoma kila kitu na kukagua mwenyewe: ukikuta sifuri mfululizo za kutosha, usiandike, acha tundu. `qemu-img convert` hutumia zote mbili, na chaguo la -S ndilo linalosema "za kutosha" ni ngapi. Usipolitaja, ni kilobaiti 4. Ukiweka kiwango kidogo mno unaokoa nafasi lakini faili linakatikakatika. Ukiweka kikubwa, sifuri nyingi zinapita na kuhesabiwa kama data. Ukiandika `-S 0` unaagiza nakala iliyojaa kabisa, bila tundu hata moja.

Na kuna watu wenye akili timamu wanaotaka hivyo. Diski zenye matundu ni ahadi, na ahadi zinaweza kuzidi mfuko. Weka mashine 10 za gigabaiti 40 kwenye diski halisi ya gigabaiti 200, zitaishi kwa amani miezi na miezi. Siku zikianza kujaa kwa pamoja, QEMU itakosa pa kuandika na kwa kawaida itazisimamisha pale zilipo mpaka mtu aongeze nafasi. Msimamizi wa hifadhidata ya malipo ni heri alipe gharama ya nafasi yote siku ya kwanza.

Chaguo lenye kisa kitamu zaidi ni -C. Mwaka 2016 Linux 4.5 ilipata uwezo mpya: programu inaweza kuuambia mfumo "nakili kutoka hapa kwenda pale" bila kuzibeba data zenyewe. Faida yake inaonekana pale diski zote mbili, ya asili na ya nakala, zinapokuwa kwenye seva moja ya mbali. Kwa njia ya zamani kila baiti inasafiri kutoka seva hadi kwenye kompyuta yako, kisha inarudi kulekule ilikotoka. Ni sawa na kuhamisha gunia kutoka chumba kimoja cha ghala la Mbagala kwenda chumba cha jirani yake kwa kulipitisha kwanza nyumbani kwako Tegeta, upande wa pili wa jiji. Kwa njia mpya unapiga simu ghalani, vijana wa kule wanalisogeza.

Watengenezaji wa QEMU waliuingiza uwezo huu kwenye `convert` mwaka 2018, na mwanzoni ulifanya kazi wenyewe bila mtu kuuomba. Tatizo likajitokeza upesi. Asiyezipitisha data mikononi mwake hawezi kuzikagua, na asiyezikagua hawezi kuona sifuri. Watu waliozoea kupata nakala nyembamba wangeweza kupata nakala nene, bila kuwa wamebadilisha neno hata moja kwenye amri zao. Mwaka huohuo uwezo ule ukaondolewa kwenye hali ya kawaida na kuwekwa nyuma ya herufi -C: anayeutaka auombe. Maelezo ya programu yanaonya waziwazi kwamba sifuri hazitaondolewa na kwamba nakala inaweza kuishia kuwa imejaa kabisa. Ukijaribu kuandika -C na -S pamoja, amri inakataa kabla ya kugusa chochote. -C na -c, ile ya kubana data, nazo haziendi pamoja, kwa sababu ileile: huwezi kubana usichokishika.

Nadhani uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa kasi ilipotea kwa wengi wasiojua kwamba herufi hiyo ipo. Amri za aina hii mtu huziandika mara moja ndani ya hati ya amri za usiku na kuzisahau. Zinaendeshwa na mashine saa nane usiku, na hakuna anayesoma kinachotokea.

Programu yenyewe inajua kwamba kufanana kuna ngazi. Ipo amri ndogo, `qemu-img compare`, inayolinganisha diski mbili. Ukiipa nakala nyembamba na nakala nene za diski moja itakujibu kwamba ni sawa, kwa sababu mashine pepe haiwezi kuzitofautisha. Ukiongeza -s, ile ya ukali, inaangalia pia ni wapi palipopewa nafasi na wapi hapakupewa, na diski zilezile mbili sasa zinashindwa mtihani.

Kuuliza matundu yako wapi nako kuna hatari yake: jibu linaweza kuwa la uongo. Novemba 2023 watumiaji wa OpenZFS, mfumo wa mafaili unaosifika kwa kulinda data, waligundua kwamba baadhi ya mafaili waliyonakili yalikuwa na sehemu za sifuri mahali palipopaswa kuwa na data. Hakukuwa na onyo wala ujumbe wa hitilafu. Lawama ziliangukia kwanza uwezo mpya wa toleo la 2.2.0, uwezo wa kunakili kwa kushirikisha vipande vilevile kati ya mafaili mawili, na ukazimwa katika toleo la 2.2.1. Uchunguzi ulipoendelea ikabainika kwamba kosa ni la zamani zaidi. Katika upenyo mdogo mno wa wakati, data ikiwa imeshaandikwa na programu lakini haijatua kwenye diski, mfumo uliweza kujibu kwamba mahali pale ni tundu. Mnakili akaamini na kuruka. Matoleo mapya ya amri ya kawaida ya `cp`, yanayouliza matundu kila mara, ndiyo yaliyoufanya ugonjwa wa siku nyingi uonekane. Dawa ilitoka mwishoni mwa mwezi huohuo.

Machaguo mengine nitayapitia haraka. -m inasema kazi ngapi za kunakili ziende sambamba, kwa kawaida 8, zisizidi 16. -W inaruhusu kuandika bila kufuata mpangilio, jambo linalofaa kwa diski halisi na linaloweza kuvuruga mpangilio wa faili la kawaida. `--salvage` inaendelea kunakili hata diski ya asili inapogoma kusomeka, na pale palipogoma inaweka sifuri. Hiyo ni ya siku ya msiba.

Lakini -t inastahili kuangaliwa zaidi kidogo, hasa kwetu ambako umeme hukatika bila kuaga. Inaamua data zinapitia wapi kabla ya kutua. Kwa `convert`, hali ya kawaida ni ile ambayo watengenezaji wenyewe wameiita isiyo salama: amri inaandika kwenye kumbukumbu ya muda na kukurudishia alama ya kuandika amri nyingine, bila kusubiri diski ithibitishe. Hoja yao inaeleweka. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, unaanza upya, asili bado unayo. Hoja hiyo inavunjika kwa mtu anayefuta asili mara tu amri inapokwisha. Huyo aandike `-t none`, au aendeshe `sync` na kusubiri ndipo afute.

Mpaka hapa tumezungumzia diski iliyotulia. Ukinakili diski ya mashine inayoendelea kufanya kazi utapata mchanganyiko wa sasa na dakika tano zilizopita, na tangu mwaka 2017 QEMU hulifungia faili linalotumika ili jaribio kama hilo likatae. Kwa mashine hai ipo `virsh blockcopy`. Hiyo inanakili huku ikiweka alama kila kipande kinachobadilika nyuma yake, inarudi kukichukua tena, na inaendelea kufukuzana hivyo mpaka nakala iifikie asili. Kisha unaweza kuiamuru mashine ihamie kwenye nakala bila kuzimwa.

Nakala kamili kupita kiasi nayo ina madhara. Kufuta faili ndani ya mashine pepe kwa kawaida huondoa jina lake tu. Vipande vyake vinabaki mpaka data nyingine ziandikwe juu yavyo. Anayenakili diski kipande kwa kipande anavibeba vyote. Watafiti wakiwemo wa Eurecom ya Ufaransa na Chuo Kikuu cha Northeastern cha Marekani walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa zaidi ya diski 5,000 za mashine pepe zilizokuwa wazi kwa umma kwenye wingu la Amazon. Walikuta nywila na funguo za siri zilizosahauliwa na wenyewe, na waliweza kufufua mafaili ambayo waliozitoa diski hizo waliamini wameshayafuta.

Hata baada ya kuchagua herufi zote vizuri, bado kuna suala la nani ni nani. Amri ya kunakili mashine nzima, `virt-clone`, inaipa mashine mpya jina jipya, namba mpya ya utambulisho na anwani mpya ya kadi ya mtandao, lakini hayo yote yako nje ya diski. Ndani bado kuna faili dogo, `/etc/machine-id`, lenye herufi na tarakimu 32 zilezile za mashine ya kwanza. Wasimamizi wengi waliokutana na Ubuntu 18.04 walilijua faili hilo kwa njia ngumu. Mashine mbili zenye anwani tofauti za kadi zilipewa anwani moja ya mtandao, kwa sababu mfumo ulijitambulisha kwa seva inayogawa anwani kwa kitambulisho kilichotokana na faili lile. Kila mashine ilikuwa inaitoa nyingine mtandaoni, na ukiziangalia kutoka nje zote zilikuwa nzima. Kuna `virt-sysprep` ya kazi hiyo: inafuta kitambulisho hicho, funguo za SSH, kumbukumbu za matukio na historia ya amri. Iendeshe mashine ikiwa imezimwa, tena juu ya nakala, kwa sababu haiulizi mara mbili.