Siku ya kupanda ndege: Usiache dawa wala chakula

Watu wengi hudhani kwamba likizo huanza pindi tu wanapofunga ofisi. Ukweli ni kwamba kwa msafiri wa ndege, siku ya kwanza ya likizo yaweza kuwa ngumu kuliko siku yoyote ya kazi. Umepanga mizigo hadi usiku wa manane, umeamka saa 9 usiku, na ukifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta unakuta foleni ya ukaguzi tangu langoni. Mtoto analia, pasipoti haionekani, kisha kipaza sauti kinatangaza kwamba ndege imechelewa kwa saa 4.

Kijana mwenye afya atapata uchovu na hasira, basi. Lakini kwa mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, siku kama hiyo inaweza kumlaza hospitalini, tena si kwa sababu ya ndege yenyewe. Aghalabu kinachomwangusha ni mambo madogo aliyoyaacha kwa haraka: kidonge, kifungua kinywa na maji.

Mwili wa binadamu hautofautishi sana hofu ya kuachwa na ndege na hofu ya kufukuzwa na nyati. Hali zote mbili humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa hujikaza, presha hupanda na ini huachilia sukari. Mwenye presha ambaye hakumeza dawa asubuhi hiyo huanza safari akiwa tayari amepanda. Wapo hata wanaoiacha kwa makusudi ile dawa ya presha inayokojoza, wakihofia foleni ya choo. Hawa nawaona kila Desemba. Usiiache, ndugu msomaji. Muulize daktari wako siku chache kabla ya safari kama unaweza kubadilisha saa ya kuimeza siku hiyo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini ana hatari nyingine. Tuseme umejidunga saa 11 alfajiri insulini ya kazi ya haraka, ile ya wakati wa mlo, ukitumaini kula ndani ya ndege. Ndege isipoondoka, chakula hakuna lakini insulini inaendelea na kazi yake. Sukari inashuka, unatoka jasho, unatetemeka na maneno yanaanza kuchanganyika. Walio karibu watadhani unaogopa ndege, au kwamba umelewa. Ukiachwa hivyo unaweza kuzirai hapo kwenye kiti. Kwa hivyo usidunge insulini ya mlo mpaka uwe umehakikisha chakula kipo. Beba glukosi, peremende na biskuti mfukoni. Soda yenye sukari inunue baada ya ukaguzi, kwani katika safari nyingi za kimataifa kinywaji kinachozidi mililita 100 hakipiti. Na mwenzako wa safari ajue una kisukari, hata kama ni shemeji usiyependa kumweleza mambo yako.

Dawa zote ziwe katika mkoba unaoingia nao ndani, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Mizigo huweza kubaki Nairobi nawe uko London. Isitoshe, insulini ikiwekwa katika sehemu ya mizigo inaweza kuganda kwa baridi, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ongeza dawa za siku kadhaa kwa ajili ya ucheleweshaji.

Huko juu hewa ya ndani ya ndege hupunguzwa kanieneo hadi iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700, ni kama amekwenda Limuru tu. Hata hivyo, mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu, upungufu mkubwa wa damu au selimundu aonane na daktari kabla ya kukata tiketi. Gesi ya tumboni nayo hutanuka, hivyo githeri ya jana usiku utaijutia. Mtoto mchanga mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka ili masikio yasimuume. Hewa hiyo pia ni kavu sana. Kunywa maji, na pombe uiache hata kama inatolewa bure.

Katika safari inayozidi saa 4, kama ya Dubai au Ulaya, damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu kwa sababu ya kukaa bila kujongea. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu, ingawa ilibaki ndogo, kama msafiri 1 kati ya 6,000. Huwa kubwa zaidi kwa wajawazito, wanene kupita kiasi, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, wenye saratani na waliopasuliwa karibuni. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, na ukiwa umeketi chezesha vifundo vya miguu. Tembe za usingizi sizipendi safarini, kwani humfanya mtu akae kama gogo usiku kucha. Nayo aspirini, ambayo wengi huimeza wakidhani ni kinga, usiianze kwa ajili ya safari tu.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya safari ni kawaida na hupungua yenyewe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa shavu la mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi ghafla, kifua kikikuchoma unapovuta hewa au ukikohoa damu, usisubiri kupambazuke. Hayo yanaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya kushuka, likizo ikiwa imekwisha na umesharudi kazini, kwa hivyo mwambie daktari atakayekupima kwamba ulisafiri, lini, na ulikaa saa ngapi kitini.