Baada ya Kisigino Kutobolewa

Kumtoboa kisigino mtoto mchanga na kudondosha damu yake kwenye karatasi ya sampuli ni kazi ya dakika chache. Katika hospitali za Muhimbili na Temeke, Dar es Salaam, watoto 3,981 walipimwa hivyo kati ya 2015 na 2016. Waliokutwa na selimundu walikuwa 31. Waliorithi kinasaba kimoja tu, ambao kwa kawaida hawaugui, walikuwa 505. Miradi ya upimaji hupangwa kwa ajili ya wale 31, na wanastahili. Lakini nani atakaa na wazazi wa wale 505, ambao huenda mimba ijayo ikawaletea mtoto mgonjwa?

Hata kwa wale 31 mazungumzo ni mazito. Mtoto ananyonya, ananenepa, hana homa. Himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado inamkinga kwa miezi ya mwanzo. Mama anaambiwa huyu huyu ana ugonjwa wa kudumu, na atameza penisilini asubuhi na jioni mpaka afikishe miaka mitano. Nani asingebisha? Muuguzi aliyefundishwa kusoma majibu tu atayarudia kwa sauti zaidi. Mnasihi atamuuliza kwanza mama amewahi kusikia nini kuhusu selimundu, kisha atanyamaza amsikilize.

Nyumbani kuna kesi nyingine inamsubiri: "Kwetu hakuna ugonjwa huo, wewe umeutoa wapi?" Kauli hiyo imevunja ndoa. Kwa hiyo semina ya siku mbili ya kutazama picha ukutani haimtoshi mnasihi. Anahitaji kufanya mazoezi, tena na tena, ya kueleza mbele ya mume na mama mkwe kwamba mtoto huyu amerithi kutoka pande zote mbili. Anahitaji kuinyoosha ile hesabu ya mtoto mmoja kati ya wanne kuugua, maana wengi huielewa kama zamu: mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kila mimba huanza upya na hatari ile ile. Tena ajue kutunza siri, kwani vipimo vya wazazi huweza kuonyesha kwamba baba anayelea siye aliyezaa.

Kumasi, Ghana, upimaji ulianza 1995 chini ya Profesa Kwaku Ohene-Frempong, na mwaka 2015 bado ilihitajika warsha ya kuandaa wanasihi wa selimundu. Kazi hii haifundishwi mara moja ikaisha. Muuguzi aliyeiva huhamishiwa wodi nyingine, na ujuzi huondoka naye. Kumpata mama nako ni kazi: namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi huwa ya jirani, na majibu yakitoka mama keshahamia kwao kulea.

Ningependa mradi unaofuata uwalipe pia wazazi wenye watoto wa selimundu, waandaliwe kama wanasihi wasaidizi wa mitaa yao. Wao hawahamishwi wodi, nyumba ya yule mama wanaijua, na mume akibisha, baba mwenzake ndiye atakayemjibu.