Makala kuhusu makala: maneno ya kuchunga moto katika kartie moja ya Lubumbashi

Mwanafunzi wa Lubumbashi akifungua kamusi ya Kiswahili sanifu kwenye neno "makala", anakuta maana ya andiko la gazeti au la jarida, neno lililotoka katika Kiarabu. Nyumbani kwao makala ni kitu cheusi kinachouzwa kwa mfuko, kwa ndoo au kwa fungu, na bila hicho bukari haipikwi. Watu wa pwani wanakiita makaa. Wapo wanaodhani kwamba sisi tumeharibu neno. Ukweli ni kwamba Kiswahili cha pwani kilipoteza sauti l katikati ya irabu katika maneno mengi ya asili ya Kibantu, na Kiswahili chetu, kikiwa kati ya lugha ambazo zimeihifadhi, kikabaki nayo. Pwani wanasema njaa, sisi njala. Wao mvua, sisi mvula. Wao kuzaa, sisi kuzala. Makala imefuata njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu msemaji wa Lingala au wa Kikongo akifika soko la Kenya hapa mjini hahitaji mkalimani ili kununua makala.

Nimeanza na neno hili kwa sababu tangu mwaka jana ninahudhuria mikutano ya kikundi kimoja cha kartie yetu kinachofundisha watu kupunguza matumizi ya makala na ya umeme. Hakina ofisi wala muhuri. Ni mama wapatao ishirini, vijana wachache, na papa mmoja fundi wa kutengeneza mbabula. Wanakutana Jumamosi mchana katika lupango la mmoja wao. Nilikwenda kusikiliza maneno, kama wanafunzi wa isimu wanavyofanya, nikagundua kwamba kazi yao inasimama au inaanguka kwa maneno hayo hayo.

Kwa nini makala

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 katikati ya pori la miombo. Umeme ulifika mapema: kituo cha Mwadingusha, juu ya mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930. Lakini kilijengwa kwa ajili ya shaba. Hata laini kubwa inayotoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1700, iliwekwa ili kulisha migodi, na inapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku viko gizani. Kwa hiyo katika mji wenye nyaya kila mahali, nyungu nyingi bado zinachemka juu ya makala.

Makala hayo yanatoka porini. Katika tanuru ya udongo ya kawaida, kilo moja ya makala inahitaji kilo 6 hadi 10 za kuni, kwa sababu sehemu kubwa ya mti inapotea kama moshi kabla ya kufika mjini. Anayemwaga makala kilo moja bure amemwaga mti mzima wa kilo hizo. Tazameni vijana wanaosukuma baiskeli zenye mifuko kwenye barabara ya Kasenga au ya Likasi: kadiri pori linavyorudi nyuma, ndivyo safari yao inavyorefuka na bei inavyopanda.

Kikundi kinafundisha nini

Mafunzo yao ni mepesi, na kila moja lina sababu. Maharagi yalowekwe usiku kucha, kwa sababu punje iliyokwisha kunywa maji inaiva upesi. Nyungu ifunikwe. Sombe, ambayo inakula makala kuliko mboga nyingine, ichemshwe kwanza, kisha nyungu itolewe motoni na kuzungushiwa nguo nzito ndani ya kikapu, iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Vumbi la makala linalobaki chini ya mfuko lichanganywe na uji wa unga wa muhogo, lifinyangwe na kuanikwa juani, likikauka linawaka. Fundi naye anapaka udongo ndani ya mbabula ya bati ili joto lisitoke pembeni. Wazo hilo linajulikana sana nchini Kenya tangu miaka ya 1980. Chombo chenyewe wao wanakiita jiko. Sisi tunasema mbabula, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, ni mbaula.

Kuhusu umeme, fundisho kubwa ni la resho. Resho ya wati 1000 ikiwaka saa moja inakula umeme ambao ampuli ya LED ya wati 9 ingekula kwa zaidi ya saa 110. Katika nyumba zisizo na kontere, ambapo watu wanalipa kiasi kile kile kila mwezi, mtu anauliza: nikizima, nitapata faida gani? Jibu la kikundi ni kabini. Wote wakiwasha resho saa moja ya jioni, kabini inazidiwa, na ikiungua avenyu nzima inakaa gizani, kisha inachanga pesa. Umeme unaouacha wewe unaichunga kabini ya jirani zako pia.

Neno la kwanza: nishati

Kikundi kilipoanza kilipewa karatasi za mafundisho zilizotafsiriwa kutoka Kifaransa. Kichwa chake kilikuwa "Tuokoe nishati". Kwa sarufi hakuna kosa. Nishati ni neno sanifu, lenye asili ya Kiarabu, nalo linatumiwa na wizara na magazeti ya Tanzania na Kenya. Katika lupango lile, mama mmoja aliuliza: "Nishati ni nani, na nani anamufunga hata tumuokoe?"

Watu walicheka, lakini swali lake ni la mtu anayejua lugha yake. Kwetu kuokoa ni neno la kanisani na la hatari: anaokolewa mwenye dhambi, anaokolewa anayezama. Kitu hakiokolewi, kitu kinachungwa. Kwa hiyo mama yule alisikia kitenzi kinachodai mtu, akamtafuta mtu huyo. Mtafsiri alikuwa amechukua neno la Kifaransa na kutafuta jina lake katika kamusi, bila kuuliza nani hutenda, juu ya nini, na wapi.

Baada ya mjadala walichagua "kuchunga moto". Moto kwetu unawaka katika mbabula, na watu wengi wanauita umeme pia moto. Neno moja likabeba makala na resho pamoja, jambo ambalo nishati ilitaka kufanya na haikuweza. Mwalimu wa fizikia angelalamika kwamba moto si nishati yote. Ana haki, na darasani nishati ibaki. Ila kazi ya karatasi ile ilikuwa kumfanya mtu afunike nyungu.

Neno la pili: moshi

Hapa hapakuwa na kicheko. Karatasi ile ilionya: "Epukeni moshi wenye sumu ndani ya nyumba." Mama walikubali kwa kichwa, na mmoja akaeleza anavyofanya: anawasha mbabula nje, anangoja moshi uishe, makala yakiwa mekundu anaingiza ndani, hasa mwezi wa sita na wa saba wakati wa baridi, watoto wapate joto wakilala. Alikuwa ametii karatasi neno kwa neno.

Hatari iko hapo hapo. Makala yanapowaka katika chumba kilichofungwa, hewa haitoshi, na yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu anaumwa kichwa, anachoka, analala, na anaweza asiamke. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, maana yanaonekana safi. Neno "moshi" kwa msemaji wa Kiswahili ni kitu kinachoonekana na kuchoma macho. Kumwambia aepuke moshi ni kumwambia kwamba pasipo moshi pana usalama.

Kikundi kiliacha neno moshi. Sasa wanasema makala yenye kuwaka "yanakula hewa ya nyumba", na kanuni yenyewe wameiweka katika Kiswahili cha mtaani: "Mbabula hailalake na bantu mu nyumba." Tazameni sarufi yake. Kiambishi -ak- kinaonyesha mazoea, yaani jambo la siku zote, si la leo tu. Mu- inataja ndani. Na mbabula imefanywa mtenda anayelala, kama mgeni asiyestahili kitanda. Watoto wanaisema wakicheza. Katika Kiswahili sanifu ningeandika "mbabula isilale ndani", nikapoteza lile la siku zote.

Neno la tatu: endelevu

"Maisha endelevu" lilikuwa gumu zaidi. Kivumishi hiki kimetengenezwa kutoka kuendelea, na watu walielewa maisha yanayoendelea, yaani maisha ya kila siku na taabu zake. Nani anataka hayo yaendelee? Kikundi hakikupata neno moja. Kinatumia kirai: "kuachia batoto pori". Ni kirefu kuliko endelevu, ila kinataja anayepewa na kinachopewa.

Fakulte yetu ifanye nini

Ninajua hoja ya walimu wangu: tukikubali kila mtaa uwe na istilahi zake, Kiswahili kitavunjika vipande. Hoja hiyo ina uzito. Mtu wa Lubumbashi anahitaji nishati na endelevu ili asome vitabu vya Dodoma na Nairobi, na mimi mwenyewe nimeandika andiko hili kwa kuegemea sanifu. Lakini istilahi ina kazi mbili, kuunganisha wataalamu na kumfikia mtumiaji, na karatasi ya kuokoa maisha haiwezi kutosheka na ile ya kwanza.

Ninapendekeza zoezi dogo kwa wanafunzi wa tafsiri. Kila karatasi ya afya, ya maji au ya moto inayopita mikononi mwetu isomwe kwa mtu ambaye hakuiandika, kisha aulizwe: utafanya nini kesho asubuhi? Jibu lake liandikwe kama alivyolisema. Mama wa mbabula nyekundu angejibu swali hilo kwa dakika moja, na kosa lingeonekana kabla ya karatasi kuchapwa. Kikundi kimekubali kupokea wanafunzi wanne kila Jumamosi, na mwezi wa sita, wa baridi, unakaribia. Anayetaka kuja alete daftari, na asile kwanza: sombe ya kikapuni huwa inatosha wote.