Nyuki Asiye na Mzinga

Ukikuta jani la mwaridi limekatwa duara safi pembeni, kama kwa mkasi, usikimbilie dawa ya kupuliza. Si kiwavi wala panzi. Ni nyuki jike, na kile kipande hakukila; amekibeba kwenda kumtandikia mwanawe.

Tukisikia nyuki, wengi tunawaza mzinga, malkia na kundi linalotimua watu shambani. Lakini duniani kuna spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi haziishi hivyo. Kila jike hujenga kiota chake na kuwawekea wanawe chakula peke yake. Hana asali ya kulinda wala jeshi la kuita, kwa hiyo haumi ovyo, labda umminye mkononi. Mtoto anaweza kukaa karibu akatazama.

Na kuna mengi ya kutazama. Mkata majani akipata kipande cha mwanzi, huanza mwisho kabisa kule ndani. Hukunja majani yawe kikombe, hujaza chavua iliyochanganywa na mbochi wa maua, hutaga yai moja, huziba, kisha huanza kikombe kingine. Jinsia huamua mwenyewe: yai analolirutubisha kwa mbegu alizohifadhi mwilini huwa jike, asilolirutubisha huwa dume. Majike huwaweka nyuma, madume mlangoni, maana madume hutoka kwanza. Ndiyo sababu mwanzi mfupi huzaa madume wengi, na spishi haifiki mbali kwa madume.

Basi, kumwandalia nyuki huyu makao, kateni mianzi mikavu au matete yenye tundu la milimita 4 hadi 10 na urefu wa sentimita 15. Mtu mzima akate nyuma tu ya fundo, ili upande mmoja ubaki umezibwa. Watoto walainishe midomo kwa msasa, kwani kibanzi kidogo huchana mbawa. Fungeni vipande kumi au kumi na tano, mvilaze upenuni pasipofika mvua wala jua kali la mchana, na mvikaze visiyumbe. Kamba mnayoning'inizia ipakwe grisi, la sivyo sisimizi watavamia. Msijenge ghorofa: fungu kubwa hukusanya ukungu na nyigu wanaotaga mayai yao kwenye viota vya wenzao. Nashauri mafungu madogo mawili, mbali mbali.

Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, ambaye wengi humkimbiza kwa kandambili, mwachieni gogo kavu laini shambani, atalichimba mwenyewe. Ana kazi kubwa shambani: chavua ya bilinganya imo ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Nyuki wa asali hajui kuitoa. Huyu mtoboa mbao hulikumbatia ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa mpaka chavua imwagike. Utafiti wa Nguruman, Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba bilinganya za wakulima huko huchavushwa na nyuki wa porini, na kwamba nyuki hao hutegemea pia mimea ya pori lililo jirani. Pasheni ya manjano nayo humhitaji sana, kwa kuwa ua lake ni kubwa mno kwa nyuki mdogo.

Wiki za mwanzo huenda asije yeyote kwenye mianzi yenu. Mkiona mdomo wa mwanzi umezibwa kwa majani au udongo, wazazi, waambieni watoto wasiuchokoe kwa kijiti. Uacheni hadi waliomo ndani watoboe wenyewe. Kisha mwanzi uliotumika utupeni, mweke mpya.